Mgongo wa mama: kumlea nyumbani mtoto mwenye mtindio wa ubongo

Karatasi ambayo mama hutoka nayo kliniki ya mazoezi tiba huwa fupi. Mnyooshe miguu mara tatu kwa siku, dakika ishirini kila mara. Msimamishe nusu saa. Mlishe polepole. Mgeuze kila baada ya saa mbili. Ukijumlisha yote, inamdai mama saa kadhaa za ziada kila siku, na hakuna aliyemuuliza atazitoa wapi. Maji yako bombani kwa jirani, vitumbua vinatakiwa viwe barabarani kabla jua halijachomoza, na wadogo zake mtoto wanataka kula. Wiki ya kwanza mazoezi hufanyika. Ya pili hufanyika nusu. Mwezi ukiisha, kwenye kadi huandikwa kwamba mzazi hafuati maelekezo.

Kosa liko kwenye karatasi. Kazi ya kumtunza mtoto huyu tayari inafanyika: anabebwa, anaogeshwa, anavalishwa, analishwa, analazwa. Kila moja ya kazi hizo inaweza kufanywa kwa namna inayolegeza misuli au kwa namna inayoikaza zaidi, na muda unaotumika ni uleule. Basi mama afundishwe namna ya kufanya yale ambayo angeyafanya hata asingefundishwa. Jambo lolote linalomwongezea mlezi kazi, hata liwe zuri vipi kitabuni, mara nyingi halimalizi mwezi.

Kabla ya hayo kuna maelezo ambayo familia nzima inapaswa kuyasikia, si mama peke yake. Mtindio wa ubongo ni jeraha la ubongo lililotokea mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo ya maisha. Huku kwetu visababishi vinavyokutana na familia mara nyingi ni mtoto kuchelewa kulia baada ya kuzaliwa, manjano kali iliyopuuzwa siku za mwanzo, kuzaliwa njiti, homa ya uti wa mgongo, na malaria iliyofika kwenye ubongo. Jeraha lenyewe haliongezeki, lakini mwili unaokua juu yake hubadilika: misuli iliyokaza hufupika, nyonga huchomoka, uti wa mgongo hupinda. Mama akirudi na maneno haya peke yake, mama mkwe ana jibu lake tayari, na jibu hilo huwa laana, mkono wa mtu au uzembe wa mama wakati wa mimba. Ndiyo maana maelezo hutolewa nyumbani, jioni au Jumapili, baba akiwepo na bibi akiwepo. Mwache mama asimulie siku ya kujifungua: uchungu ulianza lini, mtoto alilia baada ya muda gani, alinyonya lini. Mara nyingi bibi alikuwepo siku ile, na akiisikia simulizi upya huunganisha mwenyewe.

Familia pia wana haki ya kuambiwa ukweli kuhusu kutembea. Mtoto anayeweza kukaa bila kushikwa kabla ya kutimiza miaka miwili ana nafasi nzuri ya kutembea siku moja. Aliyefika miaka minne bila kukaa mwenyewe, kutembea ni nadra. Wengine hudhani kumwambia mzazi hivi ni ukatili. Ukatili ni kumwacha auze mbuzi watatu na bati za nyumba kwa ajili ya mafuta ya kuchua yaliyoahidi miujiza, kisha abaki hana hata nauli ya kwenda kuchukua dawa za kifafa.

Sasa tuje kwenye kazi zenyewe, tukianza na kubeba. Mtoto mwenye misuli iliyokaza hunyooka mwili mzima akibebwa amelazwa mikononi: miguu inapishana, mgongo unajipinda nyuma, kichwa kinasukuma mkono wa anayembeba. Mama mzazi na bibi zetu walishakuwa na jawabu, nalo ni kanga. Mtoto akiwa mgongoni, mapaja yametanuka na kukumbatia kiuno cha mlezi, nyonga zimekunjwa, hapo misuli ya ndani ya mapaja inanyooshwa kwa upande unaotakiwa hasa. Safari ya kwenda sokoni na kurudi ni zoezi la nusu saa ambalo hakuna aliyelitengea muda. Kinachoharibu ni kanga iliyofungwa chini ya magoti ikaikusanya miguu pamoja. Ifungwe chini ya makalio, miguu itokeze pembeni. Mtoto asiyemudu shingo apewe kanga ya pili inayopanda hadi nyuma ya kichwa, na uso uwe upande mmoja ili pua isizibwe.

Kumwinua kutoka kwenye mkeka ndiko kunakovunja migongo ya walezi. Usimvute mikono. Mgeuze kwanza alale ubavu, mkunje magoti na nyonga, kisha mkalishe, ndipo umnyanyue. Mtoto aliyekunjwa nyonga huwa mwepesi kushikika. Aliyenyooka hupambana na wewe bila kukusudia. Mlezi achuchumae, amlete mtoto karibu kabisa na kifua, kisha ainuke kwa nguvu za miguu. Na akijipinda nyuma, usikisukume kichwa chake mbele kwa kiganja, maana kichwa kikiguswa kisogoni husukuma nyuma zaidi. Lete mabega mbele, kunja nyonga, kichwa kitafuata chenyewe.

Kuvalisha kuna kanuni moja: mkono au mguu uliokaza huingia kwanza na hutoka mwisho. Ngumi iliyofumbwa haifunguliwi kwa kuvuta vidole. Kunja kifundo cha mkono taratibu kuelekea chini, shika kidole gumba pale kinapoanzia, si nchani, na vidole vingine vitalegea. Nguo ziwe za kufungua mbele, kubwa kidogo. Kuhusu kuoga, maji yawe ya uvuguvugu, kwa sababu maji baridi hukaza misuli papo hapo na kazi yote inayofuata huwa ngumu. Ndani ya beseni, au wakati wa kumpaka mafuta, tanua mapaja polepole hadi pale yanapoanza kugoma, shikilia hapo huku ukihesabu hadi thelathini, achia, rudia. Akilia kwa maumivu umepita mpaka. Mlezi akae kwenye kigoda wakati wa kuogesha badala ya kuinama akiwa amesimama. Mgongo wake nao una miaka mingi mbele.

Kulisha ndiko kunakoua, na ndiko kunakochosha kuliko yote. Picha ya kawaida ni hii: mlezi ameketi kwenye mkeka, miguu imenyooka, mtoto amelala chali mapajani, kichwa kimening'inia nyuma ya mkono, uji mwepesi unamiminwa. Wengine humbana pua ili ameze. Hawafanyi hivyo kwa ubaya. Mtoto anasukuma chakula nje kwa ulimi, mlo mmoja unakula saa nzima, na njia hiyo ndiyo pekee inayomaliza kikombe. Ila kichwa kikiwa nyuma, njia ya hewa inakuwa wazi na uji huteremka mapafuni. Dalili zake ni kukohoa wakati wa kula au mara baada ya kula, macho kutoa machozi, sauti kuwa na majimaji, kifua kukoroma, na nimonia inayorudi kila baada ya wiki chache. Wapo watoto ambao kikohozi hakionekani kabisa, na nimonia ndiyo dalili ya kwanza.

Mkao hurekebishwa kabla ya kugusa chakula. Mtoto akae wima, nyonga zimekunjwa, kichwa katikati, kidevu kimeinama kidogo tu. Anaweza kukaa pajani mwa mlezi akiegemea mkono, au kwenye kona ya ukuta yenye mablanketi yaliyokunjwa pande zote mbili, mlezi akiwa mbele yake, uso kwa uso, chini kidogo ya kimo cha macho ya mtoto. Mlezi akisimama juu yake, mtoto atainua kidevu kumtazama, na tumerudi kulekule. Kijiko kiwe kidogo na bapa, cha plastiki ngumu. Cha chuma humuumiza mtoto anayeuma meno ghafla, na plastiki nyembamba huvunjika mdomoni. Chukua nusu ya kijiko cha chai. Kilete kwa mbele, kibonyeze ulimi kidogo katikati, subiri mdomo wa juu ushuke, kisha kitoe moja kwa moja bila kukikwangua kwenye meno ya juu. Ngoja ameze. Kama taya linalegea, saidia kwa vidole vitatu: gumba kidevuni, cha shahada kando ya taya, cha kati chini ya kidevu.

Chakula kiwe kizito kiasi kwamba ukikiinamisha kijiko hakimwagiki mara moja, kinaanguka kama donge. Viazi vilivyopondwa na maziwa, ndizi, boga, parachichi, ugali uliolainishwa na mchuzi mzito, maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda. Kibaya kuliko vyote ni mchanganyiko wa majimaji na vipande, kwa mfano supu yenye punje za wali, kwa sababu ulimi usiodhibitika hauwezi kushughulikia vitu viwili kwa wakati mmoja. Maji ni magumu kumeza kuliko watu wanavyodhani. Kata ukingo wa kikombe cha plastiki upande mmoja, nafasi ya kupitisha pua, ili anywe bila kurudisha kichwa nyuma, na mpe kidogo kidogo. Mtindi na uji mzito husaidia kufidia.

Mtoto huyu hawezi kula kingi, kwa hiyo kidogo anachokula kiwe na nguvu. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120. Ukigawanya kwenye milo ya siku, uji uleule umebadilika bila kuongeza ujazo. Karanga zilizosagwa laini, yai, dagaa waliosagwa, maziwa, hufanya kazi hiyohiyo. Mlo usizidi nusu saa. Baada ya hapo mtoto amechoka, na mtoto aliyechoka hupaliwa. Milo mitano midogo ya nusu saa ni saa mbili na nusu kwa siku; milo mitatu ya saa moja ni saa tatu. Hesabu hii huwashangaza walezi wengi, na ndiyo inayowafanya wakubali. Baada ya kula akae wima dakika ishirini hadi thelathini, asilazwe.

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, utepe wa kupima mzunguko wa mkono hutumika kama kwa mtoto mwingine yeyote: chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kati ya 11.5 na 12.5 ni utapiamlo wa wastani. Msikubali kauli ya zahanati kwamba watoto hawa ndivyo walivyo, ni wembamba. Wengi wao ni wembamba kwa sababu ya njaa.

Choo kigumu kinasahaulika sana. Mtoto asiyetembea, anayekunywa maji kidogo, anaweza kukaa siku nne bila choo. Hukaza mwili, hukataa kula, hulia usiku, na nyumba nzima hukesha ikidhani ni mapepo. Papai, maji ya ziada kwa kijiko, na kukalishwa kwenye poti mara baada ya mlo, miguu ikikanyaga chini, hutatua sehemu kubwa.

Kiti hakihitaji kusubiri mfadhili. Zimbabwe ndiko ulikoanzia utaalamu wa kutengeneza samani za watoto kwa karatasi na maboksi, na umeenea Afrika hii kwa sababu malighafi yake ni taka. Koroga unga wa ngano na maji baridi kidogo hadi usiwe na madonge, mimina maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka uwe gundi nzito. Gundisha tabaka za boksi moja juu ya nyingine, ukigeuza mistari ya ndani ya boksi ili ipishane, hadi upate ubao mgumu usiopinda ukiukanyaga. Acha ukauke chini ya uzito, kisha kata, unganisha, funika viungo vyote kwa vipande vya karatasi vilivyolowekwa gundi, na mwishowe paka rangi ya mafuta au vanishi. Kinachoharibu viti hivi ni haraka: ubao ukipakwa rangi kabla haujakauka ndani, huoza kimyakimya na kuvunjika. Kinachofuata ni mkojo, kwa hiyo kalio la kiti lifunikwe kwa nailoni.

Vipimo vichukuliwe mtoto akiwa amekaa. Kina cha kalio ni kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, ukipunguza upana wa vidole viwili. Kimo cha kalio ni kutoka nyuma ya goti hadi kisigino. Upana ni nyonga zake tu, bila nafasi ya kukua, hata fundi akisisitiza. Nyonga, magoti na vifundo vya miguu vyote vikunjwe pembe mraba, na kati ya mapaja kuwe na kizuizi kilichofungwa sponji cha kuzuia miguu isipishane. Kanuni hii ndiyo inayokataa viti vya magurudumu vya msaada vinavyogawiwa kwa picha na hotuba. Kiti cha mtu mzima kikipewa mtoto wa miaka sita, mtoto huteleza, huegemea upande mmoja siku nzima, na uti wa mgongo hupinda kwa gharama ya mfadhili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mtoto apimwe, kiti kirekebishwe mwilini mwake, familia ifundishwe, na afuatiliwe baadaye. Kiti kinachokuja bila fundi wa kukirekebisha ni bora kikae stoo.

Asipokuwa kwenye kiti, alale ubavu, mto au kanga iliyokunjwa ikiwa kati ya magoti na nyingine nyuma ya mgongo. Hapo mikono hukutana mbele ya macho yake na huanza kushika vitu. Kila jioni, wakati wa kumbadilisha nguo, tazama makalio, nyonga, vifundo na kisogo. Kwenye ngozi nyeusi kidonda cha mgandamizo hakianzi na wekundu bali na sehemu nyeusi zaidi, yenye joto au ngumu kuliko pembeni yake.

Kifafa huwapata watoto hawa wengi, pengine mmoja kati ya watatu. Mtoto akishikwa, alazwe ubavu, asiwekewe kijiko wala kidole mdomoni, asimwagiwe maji, na mtu atazame saa. Ikipita dakika tano, ni safari ya hospitali. Dawa kama fenobabitali hupimwa kwa uzito, hivyo dozi iliyomtosha mwaka jana inaweza isimtoshe sasa; kila safari ya kliniki mtoto apimwe kilo. Hatari kubwa kuliko zote ni kukatisha ghafla. Dawa inaisha zahanati, mlezi anaambiwa arudi wiki ijayo, na katikati ya wiki hiyo mtoto anashikwa na degedege zisizokoma. Mlezi aende kuchukua dawa zikiwa zimebaki za siku saba au nane, asingoje ziishe. Wakati mwingine dawa huachwa kwa sababu ya maombi au kwa sababu mtoto amekaa miezi mitatu bila kushikwa. Hapa ni vema kuzungumza na mchungaji au shehe moja kwa moja. Wengi wao wakielezwa, husema wenyewe kwamba dua na kidonge haviudhiani.

Ndugu wana ushauri mwingi kwa mlezi, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wanachokosa kuuliza ni maswali madogo. Jana usiku uliamka mara ngapi? Leo umekula nini, na saa ngapi? Mara ya mwisho kutoka nyumbani bila mtoto ilikuwa lini? Majibu ya maswali hayo yanaeleza zaidi ya "unaendeleaje", ambalo kwa adabu yetu jibu lake ni "salama" hata nyumba ikiungua. Mlezi akisema "bora Mungu angemchukua", asikaripiwe. Wengi husema hivyo na dakika ileile wanamfuta mtoto mate. Mwache amalize, kisha uliza wazi kama amewahi kufikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake siku hiyo, na afikishwe kituo cha afya akiwa na mtu anayemwamini. Usingizi uliopotea kwa miezi, kulia bila sababu, kutotaka kuoga wala kuchana nywele: hayo ni maradhi yanayotibika, si udhaifu wa imani.

Baba hupotea kwa njia nyingi, na mojawapo ni kukosa kazi. Kliniki ni Jumatatu saa mbili asubuhi, yeye yuko kibaruani, maelezo yote anapewa mama, na baada ya mwaka baba ni mgeni kwa mwanawe. Mpe jukumu moja lenye jina: kiti akitengeneze yeye, kuogesha jioni kuwe kwake, usiku wa Ijumaa na Jumamosi aamke yeye. Si dhamana kwamba atabaki. Ila baba anayejua kumlisha mwanawe bila kumpalia ana sababu moja zaidi ya kurudi nyumbani.

Bibi anayelea ana shida zake. Macho hayasomi alama za bomba la sindano la kupimia dawa ya maji, kwa hiyo funga uzi mwekundu au paka rangi ya kucha pale dawa inapopaswa kufika. Presha yake mwenyewe haipimwi kwa sababu kila safari ya zahanati ni ya mjukuu; siku ya dawa za mtoto iwe pia siku ya bibi kupimwa. Na dada mkubwa, msichana wa miaka kumi au kumi na mbili, ndiye anayeacha shule kimya. Ukiona hajavaa sare siku ya kazi, uliza. Anaweza kucheza na mdogo wake, kumsomea, kumsogezea kanga. Kumlisha mtoto anayepaliwa si kazi yake akiwa peke yake.

Vikundi vya walezi husaidia vikiwa vidogo na karibu. Wanane hadi kumi, umbali ambao mtu anaweza kutembea na mtoto mgongoni, saa mbili, watoto wakiwepo. Nusu saa ya kwanza pasiwe na somo lolote. Kinachokishika kikundi ni kupokezana: leo mama huyu anabaki na watoto wawili, mwenzake anakwenda sokoni au analala tu, keshokutwa zamu inageuka. Kabla ya kupokezana, kila mmoja awe ameshamlisha mtoto wa mwenzake mbele ya mama yake mara kadhaa. Akiba ya hisa ndogo ndogo na mfuko wa jamii wa nauli za dharura hufuata, na zikianza kabla watu hawajaaminiana huvunja kikundi. Posho ya mradi nayo ni sumu. Wanaolipwa kuja huacha kuja siku malipo yanapokoma, hata kama walikuwa wanakuja kwa furaha kabla ya mradi.

Fedha zipo, ingawa hazitoshi. Kenya ina malipo ya watu wenye ulemavu mkubwa ndani ya mpango wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, yanayopokelewa na mlezi. Tanzania halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha akina mama walezi kinaweza kuomba kwenye fungu la wanawake. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye mlango. Lakini gharama inayomaliza familia ni nauli, kwa sababu mtoto mwenye kilo kumi na tano hapandi daladala iliyojaa, anapanda bajaji. Kliniki inayopanga dawa za kifafa, mazoezi na kupima uzito siku moja imemsaidia mlezi kuliko semina.

Mtoto asiyeweza kusema wala kukimbia huonekana na mtu mwovu kabla ya wengine. Hofu ya ghafla akivuliwa nguo, michubuko mapajani, damu, kukataa mtu mmoja mahususi: piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto Tanzania na Kenya, au nenda dawati la jinsia na watoto la polisi. Kama kuna dalili za kubakwa, hospitali iwe ndani ya saa 72 ili dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zifanye kazi, na mapema zaidi ni bora. Mtoto afundishwe kukubali na kukataa kwa njia yoyote aliyonayo: macho juu ni ndiyo, kugeuza uso ni hapana. Uliza, kisha hesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kudhani hajaelewa.

Halafu mtoto anakua. Akifika kilo ishirini hakuna mgongo unaomudu peke yake, na mama naye haongezeki nguvu. Kuinua kuwe kwa watu wawili kwa shuka imara iliyokunjwa mara mbili, kitanda kiwe kimo cha kiti chake ili avutwe kwa pembeni asinyanyuliwe, choo kisogezwe au mlango wake upanuliwe wakati bado kuna nafasi ya kupanga. Na iandikwe karatasi nyingine, safari hii na mlezi mwenyewe au kwa maneno yake: dawa gani, rangi ya kidonge, saa ngapi, chakula kizito kiasi gani, kijiko kipi, analalaje, degedege zake huanzaje, anasemaje ndiyo, nini humtuliza akilia, nani wa kupigiwa kwanza. Mama akilazwa ghafla, au akijifungua mwingine, shangazi anayefika usiku kutoka mkoani hatakuwa na mtu wa kumuuliza. Nakala moja ibaki ndani ya kadi ya kliniki, nyingine kwa jirani ambaye ameshawahi kumlisha.